Tairi Hili ni la Barabara Ipi?

Mzee fundi alilibonyeza tairi langu la nyuma kwa kidole gumba, akaliachia, akalibonyeza tena. Hakuinua uso alipouliza: "Mwanangu, tairi hili ni la barabara ipi?"

Tulikuwa mnadani Bukwimba, kati ya Ngudu na Magu, mwezi Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshakolea. Baiskeli yangu ilikuwa imelazwa juu ya gunia, mkono wa gia, kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni, umeng'oka na unaning'inia kwenye cheni. Nilikuwa nayo kwa miguu tangu asubuhi, na sehemu kubwa ya njia nilikuwa nimeibeba begani, maana magurudumu yalikuwa yamegoma kuzunguka. Shemeji yangu, niliyesafiri naye, alikaa chini ya mwembe akikwangua tope kwenye viatu kwa kijiti. Sikuwa na jibu la kumpa mzee. Tairi lile nililikuta kwenye baiskeli nilipoinunua, na sikuwahi kujiuliza lilitengenezewa njia gani.

Ni miaka minne sasa. Tangu siku hiyo nimezunguka Usukuma na mwambao wa ziwa kwa baiskeli, nikilala njiani, mzigo ukiwa umefungwa kwenye fremu, na kila anayeniuliza anunue baiskeli gani kwa safari za namna hii namrudishia swali la mzee.

Niseme kwanza nilikuwa nimenunua nini. Duka moja la baiskeli za mtumba hapa Mwanza lilikuwa limefungua kontena, nami nikawahi. Niliipenda moja papo hapo: alumini tupu, nyepesi, gia kumi nyuma, breki za diski za mafuta, matairi membamba ya milimita 35 yenye uso laini. Muuzaji akaniambia hiyo ndiyo ya safari ndefu, inakwenda popote. Kwa lami alisema kweli. Kutoka mjini, Buhongwa, Usagara, Misungwi hadi Hungumalwa tulikwenda raha mustarehe, na jioni ile nilijiona nimepata chombo. Kesho yake tukaiacha lami, tukakata kushoto kuelekea Ngudu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkulima wa Magu, na nilikua nikimsikia akitaja udongo kwa majina. Luseni ni ule wa kichanga, wa mihogo, karanga na viazi. Itogolo ni ule wa kijivu, mgumu juu, usiopitisha maji upesi, ambao watu huuchimbia majaruba ya mpunga. Mbuga ni ule mweusi wa mabondeni, mfinyanzi mtupu, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unakamata kila kitu. Majina hayo nilikuwa nayo kichwani tangu utotoni, lakini niliyajua kama mambo ya jembe. Haikunijia kwamba ni mambo ya tairi pia.

Njia ya kutoka Ngudu hupanda na kushuka. Mgongoni mwa mwinuko unakuta luseni, katikati itogolo, bondeni mbuga, kisha unapanda tena kwenye luseni. Ndani ya saa moja unapita udongo wa aina tatu, na kila mmoja una lake. Kwenye luseni tairi langu jembamba lilizama kama kisu kwenye uji, usukani ukawa unakwenda unakotaka wenyewe. Kwenye itogolo iliyolowa juu kidogo lilitereza. Lakini bondeni ndiko nilikofundishwa.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulipoingia kwenye mbuga, mita ishirini za kwanza zilikuwa sawa. Kisha tairi likaanza kuvaa tope, tabaka juu ya tabaka, kila mzunguko unaokota jipya pamoja na majani makavu. Majani yalichanganyika na udongo kama mtu anayekanda matofali ya kujengea. Kati ya tairi na uma wa mbele palikuwa na nafasi ya upana wa kidole cha mwisho, si zaidi, na tope lilipofika pale likashindiliwa. Gurudumu likasimama. Nilikwangua kwa kijiti, nikaenda hatua kumi, likasimama tena. Nyuma, cheni ilikuwa imegeuka kamba ya udongo. Nikafanya kosa ambalo naliona mpaka leo: nikapanda na kukanyaga pedeli kwa nguvu zote ili nijikwamue. Cheni ikavuta, mkono wa gia ukaingia kwenye spoki, na kile kisikio cha alumini kinachoushikilia kwenye fremu kikakatika.

Kisikio kile hutengenezwa kikatike kabla fremu haijapasuka, na hilo ni jambo jema. Ubaya ni kwamba kila aina ya fremu ina kisikio chake, na cha kwangu kisingepatikana Bukwimba, wala Magu, na nilipofika Mwanza sikukipata pia.

Mzee hakunipa pole nyingi. Aliitoa cheni, akaiosha kwa petroli kidogo kwenye kopo, akaweka kiungo kimoja juu ya kipande cha reli alichokuwa akikitumia kama fuawe, akachukua msumari aliouchonga ncha na nyundo. Mapigo manne, pini ikatoka. Akaipitisha cheni moja kwa moja kutoka gia ya mbele hadi gia moja ya katikati nyuma, bila mkono wa gia. Ikawa imelegea. Akahamia gia ya pili yake, ikakaza sawasawa, inacheza nusu inchi tu ukiigusa kwa kidole. Akairudisha pini. Vile viungo vilivyobaki akavifunga kwenye karatasi, akanipa: "Chukua, vitakufaa." Akadai shilingi elfu tatu. Nikaendesha na gia moja kutoka Bukwimba hadi Magu, na kesho yake hadi nyumbani Igoma.

Njiani kabla ya Magu alitupita kijana kwenye baiskeli ya Foniksi, amefunga magunia mawili ya mkaa kwenye keria, anakanyaga taratibu, akatusalimu kwa Kisukuma na kuendelea. Nilimtazama hadi akapotea. Njia ni ile ile, tope lile lile. Yeye alikuwa akijua apite wapi: pembeni kwenye majani, kamwe si kwenye weusi wa katikati. Na chini yake hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho fundi wa kijijini asingeweza kukitengeneza.

Basi kwa nini nisinunue Foniksi? Nililifikiria hilo kwa dhati, na mtu akiniambia hiyo ndiyo aliyonayo namwambia aende nayo bila kuogopa. Chuma chake ni kizito na imara, na vipuri viko kila soko. Lakini ina gia moja, breki zake za fito hulegea kwenye mteremko wa mawe ukiwa na mzigo, na tairi lake la inchi 28 lina upana wa inchi moja na nusu tu, hivyo kwenye mchanga mwingi linazama karibu kama langu lile. Nilitaka kitu chenye roho ya Foniksi na miguu mipana zaidi.

Ndipo nikajua cha kutafuta, na mpangilio wa kutafuta ukawa kinyume cha ule wa mwanzo. Mara ya kwanza niliangalia fremu, nikaangalia gia, nikamalizia na bei. Safari hii nilienda sokoni na kipande cha kijiti nilichokikata upana wa vidole viwili vyangu. Kila baiskeli niliyoonyeshwa nilipitisha kijiti kati ya tairi na fremu, mbele na nyuma. Kisipopita, naiacha, hata ikiwa nzuri vipi. Wauzaji walinishangaa. Baiskeli nne zilikwama kwenye kijiti kabla sijaipata ya tano, ya chuma, ya milimani, ringi za inchi 26, ya zamani kidogo, rangi imechubuka. Ilikuwa na tairi la upana wa inchi 1.95, na bado kijiti kilipita kikicheza. Maana yake ningeweza kuiwekea la inchi 2.25 na bado tope likapata pa kupitia.

Wengi husema 26 imepitwa na wakati, 29 ndiyo mambo yote. Kwenye mawe, gurudumu kubwa kweli linapita laini zaidi, sibishi. Ila mimi nachagua kwa kuangalia kinachoning'inia kwenye vibanda vya mafundi. Magu, Lamadi, Bunda, Nansio, kote nilikopita nimekuta tairi na tyubu za 28 za Foniksi na za 26 za baiskeli za gia. Za 29 sijazikuta nje ya mji. Tairi likichanika ubavuni ukiwa Kibara, ubora wa kilichoko dukani Mwanza haukusaidii.

Chuma nilikitaka kwa sababu hiyo hiyo. Fremu ya chuma ikipasuka, fundi wa kuchomelea mageti anaweza kuiunga, na Kanda ya Ziwa mageti yanachomelewa hadi kwenye vituo vidogo vya njiani. Alumini inahitaji mashine nyingine na mkono mwingine. Ila chuma cha mtumba kikague: toa kiti chote nje, washa tochi ya simu, chungulia ndani ya bomba. Kutu ya juu juu isikutie shaka. Kutu inayobanduka vipande ikimbie. Pitisha kidole chini ya makutano ya mabomba karibu na uma, hapo ndipo nyufa huanzia, na mara nyingi rangi huonyesha mstari mwembamba kabla chuma hakijaachana. Kisha inyanyue mbele, geuza usukani polepole: ukihisi unakwama katikati kama kuna shimo, gololi zimekula vikombe vyake.

Kuhusu gia, ninazo saba nyuma na tatu mbele, na sijawahi kutamani zaidi. Jambo la maana ni kwamba cheni ya gia sita, saba na nane ni moja, upana wake wa ndani unalingana, hivyo cheni ya kawaida ya sokoni inaingia. Ya gia kumi au kumi na mbili ni nyembamba na ina vipuri vyake. Gia ya mwisho kwa wepesi ndiyo ya kuiangalia sana: gia ndogo mbele, kubwa nyuma. Milima yetu si mirefu, lakini ni mikali na ina mawe, na ukiwa na mzigo hutaki kuikanyaga kwa kusimama.

Breki nilibishana na shemeji wiki nzima. Yeye ana diski za waya, na kwenye tope zinashika vizuri kuliko zangu za mpira zinazobana ringi. Zangu zinakula ringi, na mbuga inazijaza udongo. Hata hivyo nimebaki nazo, maana mipira yake inauzwa bei ya soda na naibadilisha mwenyewe kwa spana moja. Diski za waya naziheshimu. Za mafuta kwa safari za huku siziwezi, mpaka siku nitakapokuta mafuta yake na mtu wa kuyatoa hewa nje ya mji.

Sasa mzigo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hutumia pesa nyingi kwenye baiskeli halafu wakaiua kwa mzigo.

Safari ya Ngudu nilibeba kilo 22, zote nyuma, kwenye mikoba miwili mipana iliyoning'inia kwenye keria. Keria ilikuwa na bolti nne ndogo. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, ule mtetemo unafungua nati polepole bila wewe kujua. Moja ilidondoka kabla ya Ngudu. Ya pili ilikatika na kubaki ndani ya tundu, nikafunga keria kwa kamba ya mpira wa tyubu, ile ile inayofungia trei za mayai na kuku kwenye pikipiki. Mpira ule ulishika mpaka nyumbani. Siku hizi natembea na mipira sita ya namna hiyo, niliyoikata mwenyewe kutoka tyubu chakavu ya gari, na nathubutu kusema hakuna mkanda wa kununua unaoushinda. Unavutika, haulegei kwa mtetemo, na ukikatika unaufunga fundo.

Mikoba ya fremu nilishoneshewa na fundi wa mabegi kwa turubai la lori. Nilimpelekea boksi nililolikata umbo la pembetatu ya fremu yangu, akalifuata. Humo ndani ya pembetatu ndimo kinapokaa kila kizito: maji, vifaa, unga, jiko dogo. Uzito ukiwa katikati na chini, baiskeli inabaki yako hata kwenye mchanga. Nguo na blanketi jepesi viko mbele kwenye usukani, vimeviringishwa. Nyuma naacha kitu chepesi tu. Nikapima: kilo 13 pamoja na maji ya asubuhi. Vile vilivyopungua sijawahi kuvikumbuka njiani.

Chakula cha njiani tunacho cha kwetu. Bibi alikuwa akitufungia matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani, na mimi bado nabeba. Havichachi, havipondeki, vinatafunwa ukiwa umekaa kitini, na ukiongeza karanga za kukaanga unaweza kutoka asubuhi hadi alasiri bila kusimama kwa mama ntilie. Michembe nayo, ile inayokaushwa mbichi, huwa naichemsha jioni. Mtu akinionyesha peremende za kuongeza nguvu zilizosafirishwa kutoka Ulaya namkatia kipande cha tobolwa, na mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

Kiangazi kilichofuata, Julai, tulifanya safari niliyokuwa nikiiota: Mwanza, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, kisha kuikata rasi ya Kibara hadi Kisorya, kivuko hadi Ukerewe, na kurudi kwa meli kutoka Nansio. Kila palipowezekana tuliiacha barabara kuu na kushika vijia vinavyoshuka mialoni, wanakotua wavuvi, ambako dagaa wameanikwa mchangani weupe kama fedha na unapita kwa uangalifu usiwavumbishe. Ukipita vibaya pale unaharibu kazi ya mtu ya usiku kucha, kwa hiyo mara nyingi tulishuka na kukokota.

Tope halikuwapo. Balaa la kiangazi ni mbigili. Ni mmea unaotambaa, una ua la njano la kupendeza, na mbegu yake ikikauka ina pembe ngumu zilizopangika hivi kwamba hata ikianguka vipi, pembe moja inaangalia juu. Siku ya pili, baada ya kupita uwanja mmoja wa kulishia ng'ombe, nilisimama kwa sababu ya sauti ndogo ya tik, tik, tik kwenye lami. Niligeuza gurudumu la mbele polepole na kuzihesabu. Zilikuwa 17. Shemeji alikuwa ametia dawa nyeupe ya kuziba pancha ndani ya tyubu zake. Mimi sikuwa nimetia. Yeye aliziacha mbigili zilivyo, akaendelea. Mimi nilikaa chini ya kivuli cha minyaa saa moja na nusu, nikiwa na beseni la maji niliyopewa na mama mmoja wa pale, nikiitumbukiza tyubu na kufuata mapovu. Tangu siku hiyo naweka dawa, na kila baada ya miezi michache naongeza kwa sababu joto letu linaikausha. Viraka na solusheni bado nabeba, na tyubu mbili nzima. Kabla ya kurudisha tyubu ndani, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kikinasa mahali ujue kuna ncha imebaki. Usipitishe kidole kitupu.

Na hakikisha vali ni ile nene kama ya gari. Ile nyembamba ya baiskeli za mashindano ilinipa tabu safari ya kwanza, kwa sababu hakuna pampu ya bodaboda iliyoishika. Ya gari unajaza upepo popote penye fundi wa pikipiki.

Upepo wenyewe ndio dawa ya luseni. Miaka yote nilikuwa nikijaza tairi hadi liwe gumu kama jiwe, nikidhani ndivyo linavyokwenda kasi. Siku ya Kisorya, kwenye mchanga mzito, shemeji alinisimamisha: "Shemeji, toa upepo." Nikatoa kutoka paundi 45 hadi 28 hivi. Tairi likatanuka kidogo chini, na ile baiskeli iliyokuwa inazama ikaanza kuelea juu ya mchanga. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Kwenye lami tunajaza tena, ndiyo maana pampu yangu inakaa kwenye fremu, si ndani ya mkoba.

Kibara tulikatikiwa. Spoki mbili za gurudumu la nyuma, upande wa gia, zilikwenda ndani ya nusu saa. Upande huo spoki huvutwa zaidi ili gurudumu likae katikati, na ndizo zinazochoka kwanza. Nilikuwa na nne za akiba za urefu sahihi, nimezifunga kwenye bomba la fremu kwa utepe wa gundi. Lakini kuzibadilisha kunataka kuzitoa gia, na kuzitoa gia kunataka kifaa. Fundi wa Kibara, kijana wa miaka ishirini na kitu, alizitazama gia zangu akasema, "Hizi za kufunga kwa nyuzi kama nati, ninayo spana yake," akaitoa kwenye sanduku la mbao. Kazi yote dakika arobaini, pamoja na kulinyoosha gurudumu kwa kutumia uma wenyewe na kipande cha chaki. Nilikaa nikamtazama kwa shukrani kubwa. Ningekuwa na ile ya alumini, jioni ile ningekuwa natafuta lori.

Mambo ya kulala nitayasema kwa ufupi. Ukifika kijijini jioni, nenda kwanza kwa mwenyekiti au ofisi ya mtendaji, jitambulishe, saini kitabu cha wageni. Utaonyeshwa pa kulala, mara nyingi uwanja wa shule au uani kwa mtu, na watu watajua wewe ni nani kukicha. Usipige hema karibu na maji hata pakikuvutia vipi. Viboko hutoka usiku kula majani na hurudi kwa njia zao zile zile, na ukiwa kati yao na ziwa umekaa pabaya. Neti ibebe. Maji ya ziwa yachemshe, na usioge ziwani kwa sababu ya kichocho, hata ukiona wenyeji wanaoga. Beba maji lita nne angalau.

Ukerewe ni kisiwa cha baiskeli. Tulizunguka Bukindo na Murutunguru siku mbili, kwenye vijia vya kichanga kati ya mihogo na michungwa, tukisalimiana na watu ambao nao walikuwa juu ya baiskeli, wanafunzi, wauza samaki, akina mama waliokaa kwenye keria. Hakuna aliyetuuliza tunafanya nini. Swali lilikuwa tumetoka wapi, na tukisema Mwanza kwa kuzungukia Bunda, wazee walikuwa wanainama kutazama matairi.

Mwezi uliopita nilipita tena Bukwimba, makusudi, siku ya mnada. Mzee yuko pale pale, na kipande chake cha reli. Hakunikumbuka mpaka nilipotoa ile karatasi yenye viungo vya cheni, ambayo nimekuwa nikiibeba safari zote. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku akiinuka, akaizunguka baiskeli. Akabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. Akapitisha vidole viwili kati ya tairi na fremu, vikapita.

"Hili ni la huku," akasema. "Umelipata kwa bei gani?"

Nikamwambia. Alinyamaza akihesabu, kisha akafungua sanduku lake, akatoa noti zilizofungwa kwa mpira wa tyubu. Mjukuu wake ana baiskeli ya gia ya 26, anakwenda nayo sekondari, na njia yao inakata mbuga mara mbili. Akataka nimletee mawili, na tyubu zake, zile za vali ya gari.

Yameshanunuliwa. Yananing'inia hapa ukutani juu ya kitanda, na Jumamosi nitayafunga kwenye usukani, niondoke kabla jua halijachomoza.